Upepo Hulipwa Ukikaa Bure, Kibarua Je?



Katika mkutano uliopita wa tawi letu ndugu mmoja alisimama akauliza: "Haya mambo ya umeme wa upepo yanatuhusu nini sisi watu wa Namuwongo? Sisi tunao mto Nile. Upepo tuwaachie wenye jangwa." Watu wakacheka, na mwenyekiti akaendelea na habari ya viatu vya kazi. Mimi sikucheka, wala sikupata nafasi ya kujibu, maana muda ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo naomba nafasi katika ukurasa huu nimjibu, nikimpa heshima yake, kwa kuwa swali lake ni la haki na wengi wetu tunalo moyoni.

Nianze na jambo tunalolijua sote. Kabla ya jua kuchomoza, watu wa Namuwongo huifuata njia ya reli kwa miguu kuelekea viwandani. Wengine huenda kwenye kahawa, wengine kwenye sabuni, wengine kwenye plastiki na magodoro. Wengi wetu ni vibarua. Mlangoni nyapara huhesabu vichwa, na anayehesabiwa hushukuru Mungu kwamba siku hiyo atakula.

Siku moja, katika kiwanda ambacho sitakitaja, umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Jenereta ikawashwa, lakini ilikuwa ya ofisi na ya mtambo mmoja ambao hauruhusiwi kupoa. Mashine zetu zikanyamaza. Tuliambiwa tungoje. Tukakaa chini ya ukuta, hatuwezi kuondoka kwa sababu anayeondoka huandikwa mtoro, na hatuwezi kufanya kazi kwa sababu kazi haipo. Saa nane nyapara akatoka akasema, "Nendeni, mje kesho." Na kwa kuwa tulikuwa tunalipwa kwa kipande, na hakuna kipande kilichotoka, hapakuwa na malipo.

Mama mmoja aliyekaa karibu nami hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu: "Sasa yule jirani niliyemwachia mtoto nitamlipa nini? Yeye kazi yake ameifanya." Swali hilo halijanitoka mpaka leo, na ndilo litakalotuongoza katika makala haya. Mama yule, maskini kuliko wote waliokuwa chini ya ukuta ule, alijua kwamba mtu aliyejitolea muda wake na kukaa tayari lazima alipwe, hata kama siku imeharibika. Tajiri wa kiwanda hakulijua hilo. Au alilijua, lakini hakuna mkataba uliomlazimisha.

Sasa tutoke Namuwongo twende kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit. Huko imesimamishwa mitambo ya upepo 365. Kila mmoja una mabawa matatu, na yote pamoja inaweza kutoa megawati 310. Kwa kulinganisha, bwawa letu la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, ni la megawati 250. Hii si michezo ya watoto ya vishada. Ni mtambo mkubwa wa kuzalisha umeme, tena usiotumia tone la mafuta.

Kwa nini huko na si hapa? Sababu ni ya maumbile. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu yake haiwi mara mbili bali mara nane. Sehemu nyingi za Uganda zina upepo wa mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Kule Loiyangalani, ambako upepo hubanwa katikati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya kama maji katika mfereji mwembamba, mwendo wake wa wastani ni kama mita 11 kwa sekunde. Pigeni hesabu: upepo wa mita 11 una nguvu karibu mara hamsini kuliko upepo wa mita 3. Kwa hiyo ndugu yetu hakukosea kuhusu mahali pa kusimamisha mitambo. Hata kwetu, wanaotafuta upepo wa maana hutazama Karamoja, hawatazami Kampala. Alikosea pale aliposema kwamba hayatuhusu.

Yanatuhusu, kwanza, kwa sababu waya hazijui mpaka. Tangu miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme wa Uganda umekuwa ukivuka kwenda Kenya, na siku nyingine wa Kenya huja kwetu. Pili, mto Nile nao si mashine isiyochoka. Wenye umri wanakumbuka mwaka 2006, wakati ziwa Victoria lilipopungua sana, mgao wa umeme ukawa mkali, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli ya bei ghali. Ni vibarua wangapi walirudishwa nyumbani miezi ile? Leo tuna Isimba iliyozinduliwa mwaka 2019, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa Septemba 2024. Yote hayo ni maji ya mto mmoja. Mwenye busara haweki mbegu zake zote katika shamba moja.

Wenzetu wa mashamba ya chai wanao mfano mzuri kule Mufindi, Tanzania. Huko kulijengwa mtambo wa maji wa Mwenga, wa megawati 4, ukaanza kutoa umeme mwaka 2012 kwa ajili ya chai na vijiji vya jirani. Wakati wa kiangazi mto hupungua. Lakini wakati huohuo wa kiangazi upepo wa kule juu huwa mkali. Basi mwaka 2020 ikasimamishwa mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, ili upepo ushike zamu maji yanapochoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa mitambo ya kwanza ya upepo kulisha umeme vijijini Tanzania kwa kiwango hicho. Mchumaji wa chai anaielewa faida yake upesi kuliko mtu wa ofisini. Jani lililochumwa haliwezi kungoja. Kiwanda kikikosa umeme, jani huharibika, basi nyapara husimamisha uchumaji, na mchumaji anayelipwa kwa kilo hurudi nyumbani na kikapu kitupu.

Kwa hiyo mimi siupingi umeme wa upepo. Nasema haya mapema ili mtu asije akadai kwamba Chama kinapinga maendeleo. Upepo ni mali ya Mungu, haununuliwi kwa dola, haupandi bei kama dizeli. Ninachotaka tukitazame ni mkataba, kwa maana upepo ni wa bure lakini mkataba si wa bure kamwe.

Mitambo ya Turkana ilikamilika kabla ya waya. Wenye mitaji walimaliza kazi yao mwaka 2017. Waya wa kupeleka umeme mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, ulikuwa wajibu wa upande wa serikali, na ukachelewa. Kampuni ya Kihispania iliyopewa ujenzi ilifilisika, kampuni za Kichina zikaja kumalizia, na waya haukuunganishwa mpaka Septemba 2018. Katika muda ule wote upepo ulivuma, mabawa yalikuwa tayari, na hakuna nyumba hata moja iliyowaka taa kwa umeme ule. Je, wenye mitambo walipata hasara? La. Mkataba ulisema kwamba wakiwa tayari kuzalisha na mnunuzi akashindwa kupokea, walipwe kama kwamba umeme umepokelewa. Deni likafika mabilioni ya shilingi za Kenya. Na deni la serikali, ndugu zangu, mwisho wake hulipwa na mwananchi, kwa kodi na kwa bei ya umeme.

Jambo hili halikuwa siri. Benki ya Dunia ilijiondoa katika mpango ule mwaka 2012, ikihofu kwamba Kenya ingejifunga kulipia umeme isioweza kuutumia. Wala halikuwa la Kenya peke yake. Hapa Uganda pia tumezoea mikataba ya namna hiyo, ambamo mwenye mtambo hulipwa kwa kuwa tayari, umeme wake ukitumika au usipotumika. Na ile kampuni ya Umeme ilipomaliza muda wake tarehe 31 Machi 2025, haikuondoka kimya. Ilidai fidia ya mali yake kwa mujibu wa mkataba, na serikali ikalipa mamilioni ya dola, nayo kampuni ikasema bado hazitoshi.

Mimi simlaumu mwenye mtaji kwa kudai kilichoandikwa. Naomba tu tujifunze kwake. Alikaa na wanasheria wake kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Akauliza: "Nikiwa tayari na kazi haipo kwa sababu isiyo yangu, nani atanilipa?" Hakuondoka mezani mpaka swali hilo lilipojibiwa kwa maandishi.

Sasa mweke kibarua wa Namuwongo kando yake. Naye amefika saa moja kamili. Naye yuko tayari. Naye kazi imemkosa kwa sababu isiyo yake. Mikono yake haina tofauti na yale mabawa ya Loiyangalani yaliyokuwa yakizunguka bila waya. Upepo uliokaa bure ulilipiwa. Mkono uliokaa bure haukulipiwa. Tofauti haikuwa haki ya mmoja kuliko mwenzake, ilikuwa karatasi.

Najua jibu la matajiri: "Umeme si mimi niliyeukata. Kwa nini nilipe?" Ni jibu linaloonekana la maana mpaka ulipime. Waya wa Suswa nao haukucheleweshwa na mtu aliyekuwa akipika uji Nairobi, lakini yeye ndiye aliyelipa. Hasara ikitokea lazima mtu aibebe. Swali ni nani mwenye mabega. Tajiri ana akiba, ana bima, ana benki, anaweza kununua jenereta na kupandisha bei ya bidhaa. Kibarua ana mlo wa jioni tu. Kumtwisha yeye hasara yote ni kumfanya awe bima ya kiwanda, tena bima isiyolipiwa.

Lakini tuseme kweli yote. Si kila mwajiri ni mwenye kiwanda kikubwa. Hapa Namuwongo kuna mchomeleaji mwenye vijana wawili, kuna fundi cherehani, kuna mwenye mashine ya kusaga. Umeme ukikatika wanakaa njaa pamoja na vijana wao. Hao si adui zetu, na sipendekezi tuwadai wasichonacho. Madai yangu ni kwa viwanda na mashamba makubwa, ambako Chama kinaketi mezani na menejimenti, na ambako mkataba wa pamoja unaweza kuandikwa na kutiwa sahihi.

Sheria yenyewe imetufungulia mlango kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi kazi kwa siku zilizomo katika mkataba wake, ingawa iliweka pia sababu za kumwondolea wajibu huo. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zikasema kibarua asitumikishwe kama kibarua zaidi ya miezi minne, na baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Ni wangapi kati yetu wana miaka mitatu, mitano, kumi, na bado wanahesabiwa mlangoni kila asubuhi? Asiye na mkataba hana siku zilizoandikwa, na asiye na siku zilizoandikwa hawezi kudai siku iliyopotea. Ndiyo sababu wanapenda tubaki vibarua.

Kuna somo jingine katika upepo wa Turkana, nalo ni la ardhi. Mitambo ile ilipewa ekari 150,000 katika nchi ya wafugaji, Warendille, Wasamburu, Waturkana na wengineo. Wananchi walikwenda mahakamani mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikatamka kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa njia iliyo sawa. Mashauri hayakuishia hapo. Wakati huohuo vijiji vingi vya karibu viliendelea kukaa gizani huku waya zikipita juu yao kwenda mbali. Kule Kinangop, wakulima walikataa mpango wa upepo wa megawati 60 kwa sababu ya ardhi yao. Yalitokea maandamano, damu ikamwagika mwaka 2015, na mwaka 2016 mpango ukafutwa. Mradi mzuri uliharibiwa na pupa ya kutowasikiliza wenye nchi.

Watu wa Namuwongo hawahitaji kufundishwa somo hilo. Tulilisoma Julai 2014, nyumba na vibanda vya kando ya reli vilipobomolewa kwa jina la maendeleo, na watu wakalala nje na magodoro yao. Kwa hiyo tukisikia siku moja kwamba mitambo ya upepo inakwenda Karamoja, tusishangilie upande mmoja tu. Tuulize mfugaji wa Karamoja ameulizwa au hakuulizwa. Mnyonge asijengewe taa kwa kumzimia mnyonge mwenzake moto.

La mwisho ni kazi. Wakati wa kujenga, mitambo hii huita watu wengi, kubeba, kuchimba, kutengeneza barabara, kulinda. Ikishasimama hutaka mafundi wachache, na walinzi. Mabawa na jenereta hutoka Ulaya na China yakiwa tayari. Lakini si lazima iwe hivyo siku zote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na Thika, wafanyakazi wa Kenya wamekuwa wakitengeneza kwa mikono yao mitambo ya upepo ya kuvuta maji iitwayo Kijito, chuma kwa chuma, na kuipeleka katika nchi kame. Ikiwa mfua chuma wa Thika aliweza, wa Namuwongo atashindwa nini, akipewa mafunzo na vifaa? Mlingoti ni chuma. Boliti ni chuma. Nasi tunachomelea chuma kila siku kando ya reli.

Basi napendekeza kwa matawi yote, ya viwandani na ya mashambani, mambo matatu, na naomba yajadiliwe katika mkutano ujao kabla ya habari ya viatu.

Kwanza, katika kila mkataba wa pamoja tudai malipo ya kungoja. Mfanyakazi aliyefika kazini kwa wakati, akazuiliwa na ukosefu wa umeme, alipwe sehemu ya siku yake, na akiambiwa angoje ndani ya uzio, saa za kungoja zihesabiwe. Alipwaye kwa kipande au kwa kilo awekewe kima cha chini cha siku. Kiasi gani, hilo ni la mazungumzo. Lakini sifuri lisikubaliwe.

Pili, kila tawi liorodheshe vibarua waliozidi miezi minne, jina, tarehe ya kuanza na idara. Bila orodha hiyo dai la kwanza ni maneno matupu. Kazi hii haihitaji wanasheria, inahitaji daftari na kalamu na mtu asiyeogopa nyapara.

Tatu, vyama vyetu, pamoja na wenzetu wa umeme na wa mashamba, vitake kusikilizwa kabla mkataba wowote mkubwa wa umeme, uwe wa upepo, wa maji au wa jua, haujatiwa sahihi. Tujue bei, tujue nani analipa umeme usipotumika, tujue wenye ardhi wamekubali, tujue vijana wangapi watafundishwa ufundi. Mikataba ya miaka ishirini haisubiri tuamke.

Ndugu yangu uliyeuliza, jibu langu ndilo hilo. Upepo wa Turkana hauvumi Namuwongo, lakini mkataba wake unatuvumia kila siku. Wenye mitambo walituonyesha kwamba inawezekana kulipwa kwa kuwa tayari. Hawakupewa kwa huruma. Walidai wakaandikiana.

Yule mama, nilikuja kusikia, alimlipa jirani yake. Alikopa unga dukani, akaugawa nusu. Hakuwa na mkataba na jirani, alikuwa na haya. Mimi nasema wenye viwanda wasipokuwa na haya ya mama yule, basi tuwape mkataba.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi, Namuwongo